Injini ya Kupandia Mlima

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja wa bodi ya lori, umelazwa juu ya rimu mbili, ukitazamana na karakana ya fundi Spana. Mtu akikaa katikati, ubao uliinama naye, akiinuka, ulipumua. Jioni ile katikati alikaa Taratibu, jina alilopewa na madereva waliowahi kukwama nyuma ya pikapu yake kuukuu ya petroli. Kulia kwake alikaa Profesa, mtunza stoo mstaafu aliyefunga miwani kwa uzi. Makaa, muuza kahawa, alichutama kando ya jiko lake. Na mbele yao, juu ya tairi bovu mlangoni mwa karakana, ilikaa injini ya dizeli iliyotolewa kwenye basi dogo lililopinduka. Spana alikuwa ameifuta mpaka inang'aa kama bwana harusi.

— Mzee, nasema kwa mara ya mwisho, Spana alianza. Yupo mama mwenye mashine ya kusaga, anaitaka. Anakuja sasa hivi na mkokoteni. Nimemwambia wewe ndiye wa kwanza. Lakini birika la Makaa likikauka hujasema neno, injini ni yake.

— Nimesikia, alisema Taratibu.

Alichokitaka kilijulikana na benchi zima. Uani kwake lilisimama tela, na juu ya tela kibanda cha bati ambamo marehemu mkewe alikuwa akishonea watu nguo. Cherehani ilikuwa bado mle ndani, imefunikwa shuka. Binti yao, naye fundi cherehani, alikuwa ameolewa upande wa pili wa mlima. Mara ya mwisho alipokuja, akiwa tayari mguu mmoja barabarani, alisema, "Baba, ukiweza, niletee kibanda cha mama." Na pikapu haikuweza. Ikifungwa tela ilifika nusu ya mwinuko, ikachemka, ikagoma, na petroli yote imeinywa.

— Dizeli hiyo ni nzito, alisema Profesa. Pua ya gari itainama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unataka cha mlimani, unainama kwenda wapi?

— Springi za mbele nitaongeza, alisema Spana. Nitaweka rejeta kubwa, na giaboksi iliyokuja nayo. Petroli yako, mzee, lazima uikanyage mpaka ipige yowe ndipo ivute, na kila ikipiga yowe inakunywa. Hii inavuta tangu chini. Haina yowe. Utapanda na mafuta yatabaki ya kurudia.

— Ina turbo, alisema Makaa.

— Ndiyo inayoipa pumzi.

— Turbo ni haraka. Na haraka haraka haina baraka. Unamfungia Taratibu tabia isiyo yake. Nilimjua jamaa mmoja aliwekewa turbo, akaanza kula haraka, kuoga haraka, kulala haraka. Mke akamkimbia.

— Alikimbia haraka? aliuliza Spana.

— Alipanda basi.

Taratibu alicheka, kahawa ikamrukia mkononi. Makaa akammiminia nyingine.

— Mnapoteza muda na vyuma, alisema Profesa. Mafuta yanaliwa na mifuko. Kikulacho ki nguoni mwako. Toa sarafu, toa simu, toa funguo, panda gari ukiwa mwepesi.

— Mimi nina funguo kilo ngapi, Profesa?

— Una funguo za chumba usicholala, ndugu yangu. Hizo zina uzito.

Taratibu aliugusa mfuko wake. Ni kweli tangu msiba Taratibu alikuwa akilala sebuleni, kwenye kochi, redio ikinong'ona. Hakujua kama benchi linajua.

Makaa akawaokoa.

— Dawa ni kupanda mlima kinyumenyume. Gia ya kurudi nyuma ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

— Na tela je? aliuliza Spana.

— Linakuwa mbele. Linasukumwa. Kusukuma ni kazi nyepesi kuliko kuvuta, muulize mtu wa mkokoteni.

— Mlima wote ule, kinyumenyume?

— Mwenda pole hajikwai.

— Atafika, alisema Profesa, ila macho yote yatakuwa kule alikotoka.

Taratibu aliitazama injini. Hii ilikuwa ya tatu. Ya kwanza benchi lilisema ni ndogo, itadharauliwa na mlima. Ya pili ilitoka kwenye gari la zimamoto, Profesa akatoa hukumu kwamba imezoea maji, mafuta itayaona uchafu. Zote mbili zilikwenda kwa watu wengine. Na kila mara, baada ya injini kuondoka, yeye alirudi nyumbani, akalipapasa tela kama mtu anayemgusa mtoto kuona kama homa imeshuka. Hapo ndipo usingizi ulipokuja.

Mwanamke wa mashine ya kusaga alifika na mkokoteni, unga ukiwa bado kwenye nyusi zake.

— Habari za jioni, baba zangu.

— Njema, mama. Karibu kahawa.

Alipokea kikombe, akaegemea nguzo ya karakana. Wote wakamweleza kwa pamoja: tela, kibanda, binti, mlima, turbo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Taratibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

— Na ukishakifikisha kibanda, baba, utarudi kwa nani?

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Spana alitafuta kitu kwenye kiganja chake. Kurudi angerudi, hilo Taratibu alilijua. Injini ya kurudia ilikuwa pale mbele yake, na mafuta yangetosha. Aliliona lango lake likifunguka, uani ni patupu, na alama za magurudumu mawili mahali nyasi hazikuwahi kuota.

Makaa aliinamisha birika. Likatoa tone, likatoa machicha.

— Limekauka, alisema, kama anayeomba radhi.

— Mzee? aliuliza Spana.

Taratibu aliinua kikombe mdomoni, akabaki nacho hapo. Hakikuwa na kitu, na kila mtu aliona kuwa hakina kitu. Spana alisubiri zaidi ya alivyoahidi. Halafu akamwashiria yule mama, wakaiviringisha injini hadi kwenye mkokoteni.

— Mniwie radhi, alisema mwanamke, bila kujua ni kwa lipi.

Magurudumu ya mkokoteni yalilia mpaka kona, yakanyamaza.

— Ilikuwa nzito mno, alisema Profesa.

— Na ile turbo, alisema Makaa.

— Itapatikana nyingine, alisema Spana, akaja kukaa kushoto kwa Taratibu, mahali ambapo hakuwahi kukaa kabla ya kufunga karakana.

— Itapatikana, alisema Taratibu.

Makaa hakudai vikombe vyake. Moto wa jiko ulififia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka, maana ubao ungepumua, na wote wangeusikia.