Ambrose Byarugaba, Fundi wa Randa ya Kuvuta

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa saba mchana, Prudensia alikuwa akimenya ndizi nyumbani Rugera simu yake ilipoita. Alikuwa Karekezi, fundi aliyefanya kazi na mumewe katika karakana ya Kayanga.

"Shemeji, njoo. Chukua na shuka."

Prudensia aliuliza kama mumewe amejikata. Karekezi akakata simu. Asubuhi ile marehemu alikunywa uji, akaaga, akapanda bodaboda akiwa mzima. Mpaka tunaandika haya, sisi ndugu zake bado hatuamini.

Ambrose Byarugaba alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kimuli, ambayo leo iko wilaya ya Kyerwa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ainebyona na marehemu mama Evangelina. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, akasaidia wazazi shambani kwenye kahawa, na mwaka 1988 akaingia chuo cha ufundi kusomea useremala.

Chuoni alifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, ambaye alimwachia randa ya kwao ya kulainishia mbao: kipande cha mti mgumu, chuma kimepachikwa katikati, haina mshikio. Wiki nzima Ambrose aliisukuma kama randa zetu, nayo ikachana mbao. Mwalimu alimtazama, kisha akamwambia, "Ambrose, mbona unamfukuza mgeni? Mvute aje kwako." Tangu siku hiyo aliivuta. Karekezi alizoea kumtania kwamba anarudi kinyumenyume kama mtu anayetoka kumsalimia mama mkwe. Marehemu alicheka, akaendelea kuvuta. Hakutumia msasa. Alimshika mteja mkono, akampitisha kiganja juu ya ubao asikie ulaini wake, basi. Mabenchi ya kanisa la kigango chetu ni kazi yake, na majeneza mengi ya Rugera pia.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Prudensia. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Mackrine na Vero. Mackrine alimfuata karakana, akajifunza randa ile.

Hatukujua kuwa ni mgonjwa. Majuma mawili yaliyopita alilalamika kuumwa kichwa, akasema ni vumbi la mbao. Siku ile alikuwa akiranda mlango wa kigango, akakaa chini, hakuinuka. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani.

Jumatano kukazuka neno kuhusu jeneza. Mackrine aliomba amtengenezee baba yake. Kaka yetu mkubwa, Mutalemwa, alikataa, akasema si vema mtoto kupima jeneza la mzazi wake. Kazi akapewa Karekezi. Alipofika kwenye kifuniko akachukua randa ya marehemu ili kumheshimu, lakini mkono wake umezoea kusukuma, na mbao ikachanika mbele yetu sote. Karekezi akaiweka chini, akalia. Mutalemwa akasema, "Mpeni mtoto."

Mackrine aligongagonga chuma cha randa kwa nyundo ndogo kukiweka sawa, akakitazama kwenye mwanga, akavuta. Alivuta mpaka mchaniko ukaisha.

Marehemu ameacha mjane Prudensia, mabinti Mackrine na Vero, mjukuu mmoja, kaka yake Mutalemwa, na mimi mdogo wake Placidia ninayesoma wasifu huu.

Leo Alhamisi asubuhi mwili ulifika nyumbani. Katekista aliongoza sala. Prudensia alimfunika kwa shuka ileile aliyoambiwa achukue. Mabinti walimuaga, nasi tukapita mmojammoja. Kifuniko kilipofungwa, Mutalemwa alipitisha kiganja juu yake, kutoka kichwani hadi miguuni, akarudia mara ya pili. Kisha akamshika Mackrine mkono, akauweka pale juu pamoja na wake.

Ee Bwana, mpokee fundi wako, umpumzishe kwako kwa amani. Amina.