Picha ya Mtu wa Nane

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tuliyekuja kumsindikiza wengi mlimwita Mzee Kidevu, kwa sababu hakuna aliyeingia studio yake akatoka bila kuambiwa ainue kidevu, na sisi wadogo zake tumekubaliana tumwite hivyo hivyo, maana jina la kwenye cheti hata yeye alikuwa hageuki akiitwa.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1957, nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi wa kuchomelea vyuma na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi Novemba 1975, ambako mwalimu wa kemia alimpa ufunguo wa chumba cha giza cha kusafishia picha, na kwa maneno ya mama yetu, mtoto aliingia gizani akatoka na kazi. Januari 1976 aliajiriwa katika studio inayotazamana na posta, na tarehe 2 Aprili 1984 mwenye studio alipostaafu alimwachia duka, kiti cha kuzunguka na pazia la buluu.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho, akarudi mara tatu akidai haijatoka vizuri, na hadi leo shemeji yetu anashikilia kwamba haikutoka vizuri kweli. Walijaliwa binti tarehe 30 Mei 1987, ambaye ni mfamasia, na mtoto wa kiume tarehe 11 Oktoba 1990, ambaye ni fundi umeme.

Mwezi Februari 2008 waokoaji sita wa kituo cha uokoaji majini walikuja kupiga picha za vitambulisho vipya, na marehemu, aliyezoea watu wanaotazama kamera kama wanamtazama daktari wa meno, aliona watu sita wanaotazama dirisha, macho yote kwenye bendera ya posta ikipeperuka. Aliwauliza kuna nini huko nje, nahodha wao akajibu, "Upepo. Fanya haraka, mzee, tukiitwa tusije tukaondoka na nusu sura." Wiki ile ile aliomba ruhusa ya kuwapiga picha wakiwa kazini, si kwa gazeti wala kwa mtu yeyote, ni kwa ajili yake mwenyewe, na kuanzia hapo kila Jumapili, siku ambayo studio ilifungwa, alipanda boti yao na kamera ndani ya mfuko wa plastiki, akapiga picha za mabuti yaliyopangwa mlangoni, viganja vilivyochubuliwa na kamba, watu waliookolewa wakiwa ndani ya mablanketi wakitafuta kiatu cha pili.

Sehemu inayofuata tulijadiliana tuisome au tuiache, na shemeji yetu ameamua isomwe. Jumapili tarehe 17 Juni 2012, saa tisa alasiri, boti iliwakuta watu nane juu ya chombo cha mizigo kilichopinduka. Bahari ikichafuka, mwisho wa boti ile ni watu kumi na wanne, na siku hiyo ilikuwa na waokoaji sita na mpiga picha mmoja. Walipanda saba. Marehemu alisimama akasema, "Mimi nibaki, yeye apande," na nahodha akamwambia akae chini, kwamba aliyemo botini hashushwi majini, na kwamba asiyejua kuogelea asingefika hata kwenye kile chombo. Mtu wa nane alirushiwa jaketi la kuokolea, akaambiwa atafuatwa, akaitikia kwa mkono. Marehemu, ambaye hakuwa na kingine cha kufanya, aliinua kamera, na mtu yule alifuta maji usoni, akaweka sawa kola ya shati, akainua kidevu bila kuambiwa. Walirudi baada ya dakika hamsini na tano, wakakuta chombo kimezama, na walitafuta siku tatu bila kumwona.

Wale saba hawakujua jina lake, alikuwa ameomba lifti gatini dakika za mwisho, na njia nzima walimtania kwa kumwita Saa Ngapi, kwa kuwa hakuacha kuuliza watafika saa ngapi, akisema kuna mtu anamsubiri. Hilo ndilo lililomkaa marehemu moyoni, kwamba kuna mtu mahali fulani anasubiri, na picha ya uso ule anayo yeye peke yake. Aliipeleka polisi, hospitalini, kwenye magazeti mawili na kwenye kila gati aliloweza kufika, kisha akaibandika kwenye dirisha la studio, katikati ya picha za paspoti, na mteja akiuliza huyu ni nani, alijibiwa, "Ndiyo nakuuliza wewe."

Botini hakupanda tena. Kila Jumapili alisimama gatini, akapiga picha boti ikitoka, akapiga ikirudi, na nahodha akipita alimwambia, "Mzee Kidevu, kiti kipo," naye akajibu, "Ndiyo maana sipandi." Shemeji alimtania kwamba kituo kimepata mlinzi wa bure, na siku asizotania alimjazia chai kwenye chupa, kwa kuwa hakuona la kufanya zaidi. Sisi ndugu zake tulimwambia asahau, mara nyingi tulimwambia, na hatukumsaidia kitu.

Mwezi Septemba 2023 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, na tarehe 6 Oktoba madaktari waligundua kwamba moyo umepanuka na umechoka kusukuma damu, maji yakawa yanajaa mapafuni, yanatolewa, yanajaa tena. Alilazwa mara nne. Binti yake alizijua dawa zote kwa majina na vipimo, na ndiye aliyejua kabla yetu kwamba hazifanyi kazi.

Tarehe 2 Machi 2025 nahodha, ambaye sasa ni mstaafu, alikuja wodini, na marehemu akamuuliza kama asingekuwemo botini siku ile, yule mtu angepanda. Sote tuliokuwepo tulimtazama nahodha, tukimwomba kwa macho aseme uongo. Alisema, "Angepanda." Kisha akaongeza, "Na aliyekuruhusu upande ni mimi." Marehemu alimshukuru, akasema miaka yote hii watu wamekuwa wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wawili hao walishikana mikono hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Aliaga dunia Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akimshika mkono na mwanawe akimwinulia mto ili apumue. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliofungua na kufunga studio kwa zamu, wapiga picha wenzake, na waokoaji waliokaa safu ya nyuma na redio yao kwa sauti ya chini, ambao tumewaambia wakiitwa watoke bila kuaga.

Tuna ombi moja. Mezani karibu na mlango tumeweka ile picha ya dirishani, ambayo wengi wenu mmeipita miaka yote. Mkitoka, simameni mbele yake kidogo, na kama kuna anayemfahamu mtu huyu, au anayemfahamu aliyekuwa akimsubiri, amwambie shemeji yetu leo hii. Tusipopata jibu tutairudisha dirishani, na mteja akiuliza tutamjibu kama ulivyokuwa ukimjibu.

Pumzika, kaka.