Kikivunjika Ndipo Changu

Mheshimiwa mbunge wetu, Mkuu wa chuo, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi wazazi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti:

Nimealikwa kufungua karakana hii ya printa zinazotengeneza vitu vya plastiki, na nimeombwa niseme jinsi zinavyomsaidia mbunifu. Mmenipa kazi ngumu.

Mama yangu alipopata kiharusi, vidole vyake vilikataa kujikunja. Tukawa tunamlisha kama mtoto, naye akiangalia ukutani. Nikahangaika na plastiki na vipimo mpaka nikapata kishikio cha kijiko kinachovaliwa kiganjani. Siku aliyokunywa uji kwa mkono wake, alitufukuza wote mezani. Nikakisajili. Nikapewa cheti chenye mhuri, nikaamini nimelindwa.

Nimelindwa na nani? Mtu nisiyemjua alikipima, akakichora, akaweka mchoro mtandaoni, na sasa kila mwenye printa sebuleni anajitengenezea. Nikamwendea wakili. Akaniuliza, “Utamshtaki nani, dada? Kila mmoja amejitengenezea kimoja tu, nyumbani kwake.” Kweli, nigonge milango ya watu nikikagua vijiko?

Wa kwanza angekuwa wifi yangu. Alikuja kwangu akichekelea, akaniarifu kwamba amemtengenezea baba yake, yaani baba mkwe wangu, kishikio kama changu, na kwamba hakutaka kunisumbua. Wiki haijaisha, kikakatika, uji wa moto ukammwagikia mzee mapajani. Wifi akaja mbio: “Wifi, kitu chako kimevunjika.”

Chako. Ndugu zangu, kikifanya kazi ni cha wote. Kikivunjika ndipo changu.

Nilimpelekea mzee kishikio nilichotengeneza mwenyewe, nikamwomba radhi kwa kosa lisilo langu, kwa sababu aliyeungua ni yeye. Kisha nikaufungua ule mchoro, nikaona aliyeuchora ameipunguza unene shingo ya kishikio, pale kijiko kinapoingia. Nikaurekebisha, nikamtumia mchoraji huyo huko huko mtandaoni, maana wazee wa watu wengine nao wanakunywa uji. Naye akautangaza upya, akimshukuru “mchangiaji mmoja.” Mchangiaji, katika kitu nilichokibuni mimi.

Mheshimiwa, sikuja kuomba mzime printa hizi. Zina mkono mtulivu kuliko wangu. Naomba sheria inayojua kwamba kiwanda siku hizi kinakaa kando ya kochi. Nanyi wanafunzi, kabla hamjabonyeza kitufe, ulizeni kitu hiki ni cha nani, kisha mpigieni simu. Mimi ningewapa bure. Ningewaambia tu shingo iwe nene.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Karakana imefunguliwa.