Dadu Mlizonisomea

Mkubwa, funga mlango huo, na wewe wa pili zima simu, msogee kitandani, maana sauti yangu haivuki tena chumba. Kitindamimba wangu, kaa hapohapo miguuni. Najua upo, nasikia unavyovuta kamasi. Nitegeeni sikio wanangu, leo nasema mimi, na atakayenikatiza atakuwa amenizika kabla sijafa.

Mnajua nimekula jasho la makochi, nimeshona vitambaa na kupigilia misumari mpaka ncha za vidole zikafa ganzi, na karakana ile ndiyo iliyowasomesha. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa fundi viatu, marehemu Mwiba, na jua likipungua ukali tulitoa ubao wa bakgamoni tukauweka juu ya kochi lisilo na mto, tukarusha dadu na kusukuma kete. Hatukuwekeana hata senti. Lakini Mwiba, jamani! Dadu ikiegemea kete badala ya kulala bapa, "Rusha upya." Ukishainua dadu zako ubaoni, zamu yako imekwisha, ulie usilie. Siku moja nina homa, natetemeka, nikaziinua kwa papara, kisha nikamwomba, "Ndugu yangu, naumwa, niache nirudishe kete moja tu." Akasema, "Kama unaumwa nenda kalale. Ukikaa hapa, unacheza na mimi." Nilimnunia mpaka homa ikaisha. Lakini siku nilizomshinda nililala kama mfalme, kwa kuwa nilijua nimemshinda kweli.

Mwiba akatangulia, macho yangu nayo yakamfuata, nikawaachia karakana wewe mkubwa na wa pili. Ndipo ninyi wawili mkasema, "Baba, tutacheza nawe sisi." Nikawa nasukuma kete kwa kupapasa, ninyi mnanisomea dadu, kwa kuwa vidole hivi haviwezi tena kuhesabu vitobo. "Sita mbili, baba! Leo una bahati ya mtende!" Nikikosea, "Rudisha tu mzee, kwani tuko mahakamani?" Nikawa nashinda kila jioni, nacheka kama mtoto, na nikishashinda nauliza, "Karakana inaendaje?" nanyi mnajibu, "Kazi zimejaa, baba, hatupumui."

Mpaka dada yenu, huyu kitindamimba aliyekaa miguuni pangu, alipokuja kutoka huko alikoolewa, akakaa karibu nasi, akasikia mkisoma sita mbili, akasema, "Baba, hizo si sita. Ni mbili na moja."

Mkubwa, ulimfokea: "Unamvunja mzee moyo kwa ajili ya mchezo tu?"

Naye akakujibu, "Kama ni mchezo tu, mbona mnamdanganya?"

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hata asiye na macho ana akili. Asubuhi nikamwambia dada yenu, "Mwanangu, nishike mkono, nipeleke karakana." Tulipofika mlangoni sikunusa gundi wala sponji, nilinusa mafuta ya nywele, na sauti ya mwanamke ikaniambia, "Karibu mzee, unanyoa ndevu au kichwa?" Nikanyoosha mkono mahali ilipokuwa meza yangu ya kukatia, nikagusa kioo. Kioo, wanangu! Mimi kipofu nimesimama mbele ya kioo, mwenye saluni ananieleza kwa upole kwamba amepanga pale tangu mvua zilizopita, na cherehani zilikuwa zimeshauzwa.

Mlisema, "Hatukutaka uumie, baba." Biashara hufa, hilo ningelimeza. Kinachonikaba ni zile jioni, mkitazamana juu ya kichwa changu huku mkinipa ushindi kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili asibweke. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nawaambia, mchelea mzee kulia humzika akiwa hai.

Haya, nipeni maji. Basi, yanatosha.

Nyumba hii ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Wa pili, usishushe pumzi, sijamaliza. Moyo wangu ungetaka kuwanyima ninyi wawili hata tofali moja, lakini mgawo huu niliutamka mama yenu akiwa hai, ninyi nyote mkisikia, na siupindishi kwa sababu nimeudhika. Ningeupindisha kwa hasira, ningekuwa na tofauti gani na ninyi mlioupindisha mchezo kwa huruma? Mkasi wangu wa vitambaa uko chini ya kitanda hiki, ndiyo maana umenusurika. Ni wa dada yenu. Asiuguse mtu mwingine.

Siku ya kunizika msisimame mbele za watu mkasema nilikufa nikiwa na furaha. Semeni alikuwa fundi, mnyamaze. Dada yenu msimnunie, maana... ngojeni kidogo... maana mkigombana naye hamtakuwa na mtu wa kuwaambia mmekosea.

Laana sina. Mungu awape uzee mrefu, na katika uzee huo awape watoto wasiowaonea huruma, watakaowaambia kweli hata mkiwachukia. Semeni amina. Mbona nasikia sauti moja tu? Haya.

Pumzi inakata... Sogeeni. Kuna mtu amenishika mkono. Nani? Wewe mkubwa, nyamaza, usimsemee; mlinisomea dadu, mkono usinisomee. Huyu aliyenishika... aseme mwenyewe.