Swali la Mwisho la Fomu ya Polandi

Kijiwe chetu kipo Ngokolo, mkabala na mashine ya kusaga, na benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali. Kahawa anauza Masudi, mtu wa Kasulu, asiyependa mtu akae na kikombe kitupu. Jumamosi ile kulikuwa na mimi, na Edson tunayemwita Karasha, kwa sababu zamani alisaga mawe kwa mashine ya karasha machimboni Geita na sasa anasaga maneno, na Jilala tunayemwita Balozi, kwa sababu aliwahi kulala siku mbili Kigali na hajatupumzisha tangu hapo. Saa tano ikafika, na Mwalimu Athanas akafika nayo, simu mkononi, uso umemshuka. Ni mtu wa Songea, anafundisha shule ya msingi hapa mtaani. Shule moja ya lugha huko Polandi ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kiswahili, na wiki nzima alikuwa anajaza fomu yao kwenye simu.

Mwalimu: Jamani, Polandi imenishinda. Masudi, nipe kikombe.

Balozi: Imekushindaje na hujafika?

Mwalimu: Fomu inafungwa leo saa sita. Nimejaza yote, limebaki swali moja. "Umewahi kufundisha Kiswahili kwa watu wasiokijua? Kwa muda gani?" Ukijibu hapana, inakuaga papo hapo. Mimi miaka kumi na saba nafundisha watoto wa hapahapa nchini. Mzungu gani nimemfundisha?

Mimi: Weka ndiyo. Nani atatoka Polandi kuja Ngokolo kuulizia?

Mwalimu: Nawakataza watoto kuibia mtihani, halafu mimi niibie fomu?

Huyo ndiye Mwalimu Athanas, na ndiyo maana mpaka leo anaendesha baiskeli.

Karasha: Haitakuwa uongo akifundisha sasa hivi. Kuna yule fundi Mchina wa barabara mpya. Tunakwenda, Mwalimu anampa habari za asubuhi na habari za mchana, tunarudi, tunajaza. Muda upo.

Masudi: Yule? Juzi alikuja hapa akanibembeleza bei ya kahawa mpaka nikamwachia kwa hasara. Kiswahili chake kimekizidi chako.

Balozi: Basi twendeni Buseresere. Ile barabara ya Biharamulo inapitisha malori ya nchi za watu usiku na mchana. Maana nilipokuwa Kigali...

Karasha: Kaanza.

Balozi: Nilipokuwa Kigali niliagiza chai kwa Kiswahili, nikaletewa chai.

Mwalimu: Kwa hiyo wanakijua.

Balozi: Ndiyo maana nasema Buseresere.

Mpaka leo natafuta maana ya jibu hilo. Lakini Karasha alishaona mlango, akaingia.

Karasha: Sikilizeni. Kwenye duara, shimo letu la dhahabu kule machimboni, kulikuwa na jamaa alishuka, akakaa siku tatu hajapanda juu. Alipotoka hakumbuki jina la mkewe, hakumbuki kusema naomba maji. Mtu wa hivyo hajui Kiswahili wala lugha yoyote. Mwalimu anamsubiri mdomoni mwa shimo na ubao wake. Akitokeza kichwa tu, somo la kwanza.

Masudi: Na kama hajatokeza?

Karasha: Anafundishwa kwa kamba.

Balozi: Mbali kote huko kwa nini? Ng'ombe wa marehemu baba hawajui Kiswahili hata neno moja. Nilimwambia dume mmoja "simama", akanitazama, akaingia kwenye mahindi ya watu. Dada yangu akamkemea Kisukuma, akasimama palepale. Wako arobaini na wawili. Hilo si darasa?

Mwalimu: Watu, Balozi. Fomu inasema watu.

Balozi: Ng'ombe haijawataja, kwa hiyo haijawakataza.

Mwalimu akacheka, kicheko cha kwanza asubuhi ile, halafu kikamwishia. Akatuambia tangazo linataka watu wasiofika miaka arobaini na tano, na yeye anaitimiza mwezi ujao. Hakuwa na tamaa ya magari, alisema. Alitaka mara moja tu maishani aone kama anachokijua kina kazi mahali pengine. Nilimwonea huruma sana, na kwa kuwa sina maneno ya mambo kama hayo, nikamnunulia kashata.

Ilipobaki robo saa akaweka kidole juu ya neno "hapana". Bodaboda ikasimama mbele yetu, akashuka mwanamke kijana aliyebeba furushi la vitenge. Anaitwa Lusia, hupeleka vitenge Bulyanhulu kuwauzia wake za wachimbaji. Alikuwa anapita tu, kamwona Mwalimu. Akapiga goti.

Lusia: Shikamoo, ng'walimu.

Mwalimu: Marahaba, Lusia. Jamani, huyu nilimfundisha darasa la kwanza, kijijini, kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi.

Lusia: Mbona kama mko msibani?

Karasha: Mwalimu wako anakosa Ulaya. Wanataka aliyefundisha Kiswahili kwa watu wasiokijua, na yeye hajawahi. Tumetafuta hao watu mpaka kwenye zizi la ng'ombe.

Lusia akatutazama mmoja mmoja, akidhani tunamtania.

Lusia: Naomba kuuliza. Siku mlipopelekwa darasa la kwanza, nyinyi mlikuwa mnaongea lugha gani?

Karasha akawa anaangalia machicha kwenye kikombe chake. Balozi alichunga mpaka akafika miaka tisa, kwa hiyo Kiswahili chake siku ile kilikuwa sawa na cha yule dume. Masudi akajifanya anachochea mkaa. Na mimi ninayewasimulia nilikaa darasani siku nne nikiamini "kaa chini" ni jina la mwalimu.

Lusia: Sisi tulikuwa sabini na nane. Yeye Kisukuma hajui, sisi Kiswahili hatujui. Nina kiu, nalia "minzi, minzi". Akatoka nje, akarudi na kikombe, akakiinua juu wote tukione. Akasema maji. Nikasema maji, akanipa nikanywa. Mpaka Krismasi tulikuwa tunamsimulia hadithi kwa Kiswahili, na yeye anatucheka.

Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa. Kidole chake kikatoka kwenye "hapana", kikaenda kwenye "ndiyo". Kwenye muda akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, miaka yote ya kule kijijini kabla ya kuhamishiwa mjini, akaandika kumi na moja. Akaisoma tena fomu yote, kama anavyowaambia watoto wafanye kabla ya kukusanya karatasi, akatuma zikiwa zimebaki dakika nne.

Lusia akabeba furushi lake, akapanda bodaboda. Mpaka inakata kona, Masudi alikuwa ameshatujazia vikombe vyote.