Mwalimu Natale Jale, Aliyeliliwa Mara Mbili

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Dranya na ninyi mliotoka Arua tangu asubuhi, mimi ni Rosina, binti wa kwanza wa marehemu, familia imeniteua nisome historia yake, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu wengi wenu mlishakaa matanga ya mtu huyuhuyu kabla ya leo.

Mwalimu Natale Jale alizaliwa tarehe 14 Juni 1941 hapa Dranya, Koboko, mtoto wa kwanza wa marehemu Sajini Yakani na marehemu Margarita, akasoma shule ya misheni, akaenda chuo cha ualimu Arua, akahitimu mwaka 1963, kisha akapangiwa kufundisha Kiingereza hapahapa nyumbani. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa maneno ya kuokoa, na waliopita mikononi mwake wanayajua hata leo: "rescue" ni kwa mwenye pumzi, "salvage" ni kwa kinachobaki baada ya nyumba kuungua, "retrieve" ni kurudia kitu ulichokiacha mwenyewe na unajua kilipo, na ole wako uyachanganye, maana ungesimama dirishani mpaka kengele. Watoto walimwita Mwalimu Salveji, jina ambalo alijifanya halisikii.

Tarehe 8 Januari 1966 alifunga ndoa na mama yetu, Kiden, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Asiku na Poni.

Mwezi Oktoba 1980 vita viliporudi kwetu, watu wakaanza kuvuka kwenda Sudan, Baba alitutanguliza pamoja na mdogo wake, Baba Mdogo Yugu, yeye akabaki kufukia vitu, kama mlivyofanya wengi wenu, waliofukia mabati wanajijua na waliofukia baiskeli wanajijua. Vitabu vya shule na cherehani ya Mama alivifunga kwa turubai, akachimba shimo nyuma ya nyumba, na kwa kuwa askari walikuwa wakichimbua kila udongo mpya kutafuta mali, akainua tuta la kaburi, akasimika msalaba, akaandika jina. Angeweza kuandika jina lolote, lakini Baba hakutaka kumchuria mtu mwingine kifo, akaandika la kwake.

Kisha akaenda Manibe, nje ya mji wa Arua, kumchukua Bibi Margarita, aliyekuwa amevunjika mguu akiwa kwa dada yake Eyotaru, ili wavuke wote, lakini barabara ya Koboko ikafungwa nyuma yake, na mtu wa Koboko, aliyehesabiwa wa utawala uliopinduliwa, tena mtoto wa sajini, hakuweza kufika kwenye kizuizi cha askari akarudi na roho yake. Baba akakwama karibu miaka sita, mchana kutwa ndani ya jiko la Eyotaru, akiandika maneno yake ukutani kwa mkaa ili yasimtoke, na Eyotaru ananiambia kwamba alikuwa akilalamika, "Maneno ya kuokoa watu mimi najua yote, lakini mimi iko hapa tu na moshi." Bibi alifia mikononi mwake tarehe 3 Mei 1984.

Huku nyuma, mwaka 1981, mtu wa hapa alirudi kuchungulia shamba lake, akaona msalaba, akasoma jina, akatuletea habari kambini karibu na Yei. Simlaumu, makaburi ya uongo tuliyajua, lakini nani amewahi kujizika kwa jina lake? Tulikaa matanga mpaka mwisho, Mama akanyoa nywele, na mwaka 1983 ukoo ukamkabidhi kwa Baba Mdogo Yugu kama ilivyo desturi yetu, na mwaka uliofuata akazaliwa ndugu yetu Wani.

Agosti 1986, serikali ikiwa imebadilika na barabara imefunguka, sisi tukiwa tumesharudi, Baba alifika kwa miguu kutoka Manibe, akamkuta Mama anang'oa majani juu ya kaburi. Mama hakukimbia, alisema, "Kama wewe ni mutu, sema." Baba akajibu, "Mimi iko. Hapo chini ni cherehani yako." Wakachimba wote wawili, mchwa walikuwa wamemaliza vitabu, ila cherehani, pamoja na kutu yake, ilikubali mafuta.

Wazee walikaa jioni hiyohiyo, wakaamua kwamba matanga yaliyokwisha hayarudishwi, kwamba Kiden ana mume na mtoto yuko mgongoni. Mama hakuulizwa, nalisema hili mbele yenu kwa sababu bado linaniuma. Baba akajenga nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja, akarudi kufundisha, akala chakula cha mke wake kikiletwa na Wani, na kila Krismasi aliwaendea wazee kuwaomba wamrudishie Mama, wakampa jibu lilelile. Baba Mdogo naye alikuwa amenaswa, hakuweza kumtazama kaka yake usoni, wala kumwacha mwanamke aliyepewa na ukoo.

Mwaka 1995 kikohozi cha jiko la Manibe kilimlaza hospitalini Arua, na Februari 1996 alirudishwa nyumbani akiwa mgonjwa wa kubebwa. Siku hiyo Baba Mdogo aliuchukua mkeka wa Mama, akavuka nao uwanja watu wote wakitazama, akasema, "Kaka, mama ya watoto iko yako. Mzee anataka kusema, aseme na mimi." Wazee wakaokota fimbo zao, wakaenda makwao. Nilimuuliza Baba baadaye, hili la Mama kuvuka uwanja ni neno lipi katika yale yake, akafikiri sana, mwalimu ni mwalimu, akasema ni "rescue", kwa sababu yeye mwenyewe bado anapumua. Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Septemba 1996, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Arua, walimu wenzake, majirani mliochota maji na kupasua kuni, na Mama Eyotaru aliyemficha wakati kumficha kulikuwa hatari. Tunamlaza nyuma ya nyumba, katika shimo lilelile alilolichimba mwenyewe, chini ya msalaba uleule, Baba Mdogo ameongeza tarehe tu.

Lala kwa amani, Baba, safari hii aliyemo ni wewe.