Kumbeba Afande Liberatus

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzima moto, kwanza Iringa na kisha hapa Mbeya, Stesheni Sajini Liberatus Kikoti anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Anaondoka na kilo mia moja na ushee, na sote tunazijua maana tumezibeba.

Kwa wasiofahamu: katika zoezi la kila mwaka la kubeba majeruhi, wenzetu hutumia mdoli wa turubai aliyejazwa mchanga. Wetu alichanika zamani. Afande akajilaza chini mwenyewe, na ikawa hivyo miaka yote. Tulimsihi apunguze kula, akatujibu kwamba hajaona mtu anayefanya dayati akingojea nyumba yake iungue.

Kazi hii inakula mwili, tuseme ukweli. Mavazi, kofia na mtungi wa hewa vinakulemea kabla hujagusa mpira wa maji. Ndani moyo unakwenda mbio, jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta. Magoti ya Afande yamechoka siku nyingi, lakini mchakamchaka wa asubuhi, kwenye baridi ya Julai, hakuukosa. Tukitoka motoni hakuna aliyeruhusiwa kushika simu kabla ya kukaa kitako na kunywa maji. Tulinung'unika, tukanywa.

Sasa Violet. Konstebo Violet ndiye mdogo wetu kwa umbo, na miaka miwili mfululizo alishindwa kumbeba. Akishindwa mara ya tatu angehamishiwa chumba cha simu, jambo ambalo hakutaka hata kulisikia. Tulimwomba Afande amhurumie, asukume kidogo kwa kisigino. Alikataa katakata. Badala yake kila jioni alimfundisha: piga magoti, shika mikanda, nguvu itoke mapajani, mgongo uuache.

Wiki ya mtihani, ghala la mbao likawaka kule Uyole. Wawili hao wakaingia kumtafuta mlinzi. Kumbe mlinzi ameshatokea mlango wa nyuma. Aliyeanguka ni Afande, joto limemzidi. Mimi nilikuwa kwenye pampu. Niliona moshi, kisha mgongo wa Violet ukija kinyumenyume, anakokota, anatulia, anakokota tena. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Tukammwagia maji kama kitalu cha kabichi. Alipozinduka aliuliza nani kamtoa. Tukamwonyesha Violet, amekaa chini, anakunywa maji.

"Ijumaa asije kwenye mtihani," akasema. "Kashafaulu."

Leo Violet ndiye anayewafundisha askari wapya kubeba.

Afande, asante kwa jasho lako na kwa ukali wako. Nenda Iringa kwa mkeo, Mama Yusta, ulale usingizi usiokatwa na king'ora. Na siku ukihitaji kubebwa, Mungu apishe mbali, tupigie. Tutakuja sote, na Violet atatangulia.

Koplo Jailos Mwasomola, dereva